SI KILA DAMU NI VIDONDA VYA TUMBO (Sehemu ya 3)

Leo mtaninunia, lakini nasema.

Hapa kwetu Mwanakwerekwe mtu akitapika damu, jibu lishatoka kabla hajaulizwa kitu: "Vidonda vya tumbo hivyo." Kakwambia nani? Jirani. Kisha duka la dawa, omeprazoli, maziwa baridi, akalale. Jamani!

Vidonda ni sababu kubwa, sikatai. Lakini ipo mishipa ya njia ya chakula inayovimba ini likiwa gumu na damu ikakosa pa kupita. Ini huharibiwa na homa ya ini B, na pombe, na kichocho pia. Ndiyo, kichocho!

Najua mtaniambia, "Kichocho ni kukojoa damu, sie Unguja tunakijua." Mnakijua cha hapa. Kipo cha pili, cha matumbo, cha kule Ziwa Victoria: Mwanza, Ukerewe, Mara. Konokono wanaokibeba hapa kwetu hawapo. Lakini watu je, hawapandi boti? Tunao hapa ndugu zetu waliokulia ziwani, wakaoga na kuvua humo tangu utotoni. Mayai ya minyoo hukwama kwenye vijishipa vya ini, kovu hujengeka miaka na miaka, bandama inavimba, mishipa inajaa. Mwenyewe anaweza asisikie maumivu yoyote. Siku mshipa ukipasuka, ni beseni zima la damu.

Huyu ndiye mnampa omeprazoli akalale? Haifungi mshipa ule. Wengine mnampa na diklofenaki, inayozidisha hatari ya damu kutoka!

Na nyie wenzangu wa kazini, msicheke. "Umekulia wapi?" ni swali la bure. Ulizeni. Shikeni tumbo, muitafute bandama. Mshipa ule huonekana kwa kamera ya tumboni, na hufungwa kwa kijipira. Prazikwanteli nayo huua minyoo. Ikitolewa mapema, ini linaokoka.

Kwa hiyo: ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usiku, mvua, huna pesa, nenda. Ukifika, sema ulikokulia hata kama hujaulizwa.

Sehemu ya 4 ni homa ya ini B. Mtaninunia tena.