Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Ndugu msomaji, methali hiyo hapo juu sote twaijua, na kwa kawaida twaitumia kumwambia mtu mwingine. Tukishindwa sisi wenyewe, twaisahau upesi. Basi juma hili tuitazame kwa habari za watu wawili wabaya wa katuni moja ya Kijapani. Usicheke kwanza. Pengine watoto wako wamekwisha kuwaona katika simu au televisheni, nao ukiwauliza watakusimulia mengi kuliko haya.

Wajapani ni mafundi wa kuchora picha zinazokwenda kama sinema, nazo huitwa anime. Moja iliyojulikana pande nyingi za dunia ni Dragon Ball Z, iliyoonyeshwa Japani toka mwaka 1989 hata 1996. Aliyeitunga hadithi hiyo ni bwana Akira Toriyama, aliyeichora katika gazeti la vijana la kila juma toka 1984 hata 1995. Bwana huyu alifariki mwezi wa Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 68.

Shujaa wa hadithi ni Goku. Alizaliwa katika kabila la wapiganaji, Saiyan, waliokaa sayari nyingine, akaletwa duniani angali mtoto mchanga. Kwao alihesabiwa kuwa mtu wa chini kabisa. Mbaya wetu wa kwanza ni Vegeta, mwana wa mfalme wa kabila hilo hilo.

Vegeta alikuja duniani kuua, pamoja na mtumishi wake Nappa. Goku akampiga Nappa hata asiweze kusimama. Nappa akanyosha mkono kumwomba bwana wake msaada. Vegeta akaushika mkono ule, akamrusha juu, akamwua. Kwake yeye, mtu aliyeshindwa hana kazi tena.

Lakini zamu yake ilifika siku ile ile. Alipoona damu yake inamwagika kwa ngumi ya mtu wa chini, aliona heri kuivunja dunia yote kuliko kukubali. Hakuweza. Mwisho wake alikuwa akitambaa kwa tumbo kukifuata chombo chake cha kusafiria. Krillin, rafiki wa Goku, akamsimamia na upanga. Goku, ambaye naye alikuwa amelala mahututi, akamsihi Krillin amwache aende zake. Hakusema kwamba Vegeta amejuta, maana hakujuta. Alisema tu kwamba anataka kupambana naye tena. Vegeta akaondoka akiapa kurudi kuwaua wote.

Sasa mtazame mbaya wa pili, Freeza. Huyu ni jabari aliyeiangamiza sayari ya Saiyan. Vegeta alijaribu kupigana naye akauawa, akafa akitokwa na machozi na kumwomba Goku amshinde jabari huyo. (Katika hadithi hii wafu huweza kurudishwa, ndiyo maana tutakutana na Vegeta tena.) Goku akapigana na Freeza akamshinda. Freeza akakatwa na silaha yake mwenyewe, akaomba kuokolewa. Goku akampa nguvu kidogo apate kuishi, akageuka kwenda zake. Freeza alizitumia nguvu zile zile kumpiga Goku kwa nyuma! Goku akamrudishia pigo lile. Hata hapo hakufa. Alitengenezwa upya kwa vyuma, akaja duniani awaue watu wote, Goku akirudi akute maiti. Kijana mmoja akamkatakata kwa upanga. Kijana huyo ni nani? Ni Trunks, mwana wa Vegeta, aliyetoka katika miaka ya mbele.

Waona, msomaji? Wawili hawa waliachiwa uhai na mtu yule yule, wala hakuna aliyestahili. Je, tofauti yao iko wapi? Freeza alipopigwa hakujiuliza neno lo lote. Kwake kosa lilikuwa la aliyemshinda. Vegeta naye alikuwa na chuki, tena nyingi, lakini alipopigwa alijiuliza, "Nimepungukiwa nini?" Akajifunza vita mchana na usiku, akijitesa hata karibu ya kufa.

Walakini tusidanganyane. Vegeta hakugeuka kwa siku moja. Alikuwa amekwisha kupata mke na mtoto, naye bado wivu ulimla. Akakubali kutiwa uchawi ili tu apate nguvu za kupigana na Goku, akawaua watu wengi waliokuja kutazama mashindano. Damu ile haikufutika kwa kuwa baadaye alifanya mema. Baadaye kidogo akamkumbatia mwanawe kwa mara ya kwanza, akajilipua ili amwangamize adui aliyeitwa Buu. Na hapo napo akashindwa, maana Buu alijiunga tena.

Ushindi wake ulikuja mwishoni, wala haukuwa wa ngumi. Alikuwa akimtazama Goku akipigana na Buu, akakiri moyoni mwake kwamba Goku amempita, naye ndiye wa kwanza. Baada ya hapo mwana wa mfalme huyu aliwaomba watu wa kawaida wa dunia wainue mikono, wampe Goku nguvu zao. Wengi hawakumsikiliza, hata alipoomba mtu mwingine waliyempenda. Yule aliyemwua Nappa kwa sababu ya kunyosha mkono, sasa yeye ndiye aliyekuwa akiomba mikono ya wengine.

Kushindwa peke yake hakumfundishi mtu. Kungekuwa kunafundisha, Freeza angekuwa mwalimu mkuu. Na kumsamehe aliyeshindwa si dawa isiyokosa, maana Goku aliponea chupuchupu. Lakini asiyesamehewa hapati hata nafasi ya kujiuliza.

Tujitazame sisi nyumbani. Mtoto akianguka katika mtihani, wa kwanza kutafutwa ni jirani aliyemloga. Mtu akishindwa shauri la shamba, hamsalimu mwenzake miaka kumi. Hiyo ndiyo njia ya Freeza. Wengine humwambia mtoto aliyeanguka, "Wewe huna faida," na hiyo ndiyo njia ya Vegeta kwa Nappa. Heri kumwuliza kwa upole, "Ulipungukiwa nini, nasi tukusaidieje?"

Basi leo jioni, baada ya chakula, waulize watoto kama wanamjua Vegeta. Wakimjua, waambie wakusimulie siku aliyokubali kwamba mwenzake amempita. Halafu nawe wasimulie siku moja uliyoshindwa, na ulivyofanya. Usiwafiche.