Dawa za akili zisitolewe bila uangalizi

Kijana wa shamba hushikwa na maradhi ya akili. Hapati usingizi, husema na watu wasioonekana, huwatuhumu jamaa zake kuwa wanataka kumtilia sumu. Hupelekwa hospitali, hupigwa sindano, na nyumba nzima humshukuru Mungu anapotulia. Siku ya tatu shingo humpinda, macho huelekea juu, ulimi huwa mzito. Hapo wazee hunong'ona kwamba ana shetani, na shetani hakuipenda dawa ya hospitali. Dawa hutupwa, kijana hupelekwa kwa mganga, na baada ya muda maradhi hurejea kwa nguvu zaidi.

Tunapenda kuwaambia wananchi waziwazi: shingo ile haikupindwa na shetani. Ilipindwa na dawa, na sababu yake inajulikana.

Chembe za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo huitwa dopamini. Tarishi huyu mmoja ana kazi nyingi: huongoza mwendo wa viungo, huamsha hamu na furaha, na huhusika na fikra. Mwaka 1957 mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha kwamba wanyama waliolegezwa kwa dawa ya reserpini hata wasijongee, waliinuka tena walipopewa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Kwa utafiti wake juu ya dopamini alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Klorpromazini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952, na haloperidoli, iliyobuniwa Ubelgiji mwaka 1958, huziba milango inayopokea ujumbe wa dopamini. Sauti na dhana za uongo hupungua. Lakini dawa haichagui mlango. Huziba pia ile ya mwendo na ile ya furaha.

Ndipo mgonjwa mmoja hupindwa shingo katika siku za mwanzo; mwingine, baada ya wiki kadhaa, hutetemeka, hukakamaa na kutokwa na udenda. Mwingine hawezi kukaa, hutembea usiku kucha. Huyu ndiye aliye hatarini zaidi kudhulumiwa, kwani huonekana kuwa wazimu umemzidi, akaongezewa dawa ileile inayomtesa. Na baada ya miezi au miaka, wako ambao midomo hutafuna bila ya chakula, na hali hiyo pengine haiondoki tena.

Wako pia wanaokaa kimya, hawacheki, hawana hamu ya kazi wala ya watoto wao. Jirani huwaita wavivu. Huenda huzuni hiyo ni ya maradhi yenyewe, huenda ni ya dawa. Kuzipambanua ni kazi ya daktari, na hawezi kuifanya kazi hiyo kwa mgonjwa asiyeulizwa hali yake.

Je, dawa hizi ziachwe? Hasha. Zimewarudisha watu wengi majumbani mwao, na kuziacha ghafla ni kuyaita maradhi. Linalotakiwa ni kipimo. Uchunguzi umeonyesha kwamba nafuu hupatikana inapozibwa asilimia 65 hivi ya milango hiyo. Ikifika asilimia 80 madhara ya viungo huongezeka. Kuzidisha dawa, basi, si kuzidisha uponyaji. Dawa mpya kama olanzapini ni nyepesi zaidi kwa viungo, lakini huongeza unene na sukari, nazo zataka uangalizi vilevile.

Kwa hiyo tunawakumbusha wahusika wa afya mambo matatu. Kwanza, haloperidoli isipelekwe kituo chochote, Unguja wala Pemba, bila ya kufuatana na biperideni au dawa ya namna yake. Sindano yake hurejesha shingo iliyopinda, kwa kawaida kabla ya saa moja kupita. Pili, kila mgonjwa anaporudi kuchukua dawa atazamwe mwendo, mikono na mdomo, na aulizwe juu ya usingizi na huzuni. Kazi hiyo haihitaji mtambo wala fedha za kigeni. Tatu, jamaa waelezwe madhara haya kabla ya sindano ya kwanza, si baada ya shingo kupinda.

Nao wananchi wana wajibu wao. Masheha na viongozi wa Chama walizungumze jambo hili mitaani bila ya haya. Mwenye kutaka kumsomea mgonjwa wake dua na amsomee. Dua haikatazi dawa. Lakini akiona mkono unatetemeka au uso umekosa furaha, asiitupe dawa baharini. Amrudishe mgonjwa kwa daktari na aseme alichokiona. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha madhara ya dawa ni ndugu yake.