Magazeti Mawili, Nyumba Moja

Tukumbuke ya Unguja kabla ya mwaka 1964. Mwongozi lilikuwa gazeti la upande wa Hizbu. Afrika Kwetu lilikuwa la upande wa Afro-Shirazi. Watu wakasusiana harusi na mazishi, hata talaka zikatolewa kwa ajili ya siasa. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Sisemi magazeti ndiyo yaliyowasha moto. Nasema yaliutia kuni.

Leo kila mtu nyumbani ana simu yake na habari za upande wake. Mimi naona dawa ni moja: baba na mwana wasomeane habari zao kwanza, ndipo wabishane. Tukigombana, na tugombane juu ya maneno tuliyoyasikia sote.