Sinema Juba haikuanza 2011

Hai Cinema ni mtaa wa Juba wenye jina la jumba la sinema, na bado wapo wanaoshikilia kwamba Sudan Kusini haikuijua sinema hadi bendera ilipopandishwa tarehe 9 Julai 2011. Jina la mtaa tu linawasuta. Hata Jamila ya Daniel Danis, filamu ya mwaka uleule inayotajwa kuwa ya kwanza, ilitengenezwa na kundi la Woyee, ambalo watu wake walijifunzia kazi hiyo ukimbizini Kakuma, Kenya. Ufundi uliitangulia dola.

Dai la pili linaniudhi zaidi: kwamba Gadalla Gubara, baba wa sinema ya Sudan, alikuwa mpiga picha wa serikali tu, kwa hiyo kusahauliwa kwake si hasara. Ni kweli alianzia kwa Waingereza. Alizaliwa 1920, akawa askari wa mawasiliano katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akaingia kitengo cha filamu cha wakoloni. Tarehe 1 Januari 1956 bendera ya Sudan huru ilipopanda Khartoum, kamera yake ilikuwapo. Lakini wanaomdharau huishia hapo. Mwaka 1974 alifungua Studio Gad, studio yake binafsi, na miaka hiyohiyo akatengeneza Tajouj, hadithi ya mapenzi na maangamizi mashariki mwa Sudan ambayo hakuna waziri aliyeiagiza. Utawala wa Omar al-Bashir ulimnyang'anya studio, alipolalamika akafungwa. Kibaraka gani huyo anayetupwa jela na bwana wake? Na alipopofuka, akiwa amepita miaka 80, aliongoza filamu nyingine, Les Misérables, akiihamishia Sudan riwaya ya Victor Hugo. Binti yake Sara ndiye aliyekuwa macho yake. Alifariki 2008.

Dai la tatu ni kwamba video ndiyo iliyoua sinema: Nairobi na Dar es Salaam video iliingia pia. Tofauti ni kwamba Khartoum palikuwa na mapinduzi ya Juni 1989, amri ya kutotoka nje usiku na shirika la filamu la taifa kuvunjwa. Juba palikuwa na vita tangu 1983; mji wa kambi za jeshi, uliozingirwa na waasi, si mahali pa kwenda kutazama filamu usiku.

Limebaki lile la mwisho, kwamba Gubara ni wa Khartoum, hivyo Juba haimhusu. Hapa nakubali nusu. Kamera ya Khartoum iliitazama nchi kutoka kaskazini, na mtu wa Kusini ana haki ya kuuliza alionyeshwaje, kama alionyeshwa. Lakini huwezi kuuliza swali hilo bila kuzitazama filamu zenyewe. Hadi 2011 nchi ilikuwa moja, na kumbukumbu zake za picha ni urithi wa pande zote mbili, hata zile zinazouma.

Sehemu kubwa ya kazi za Studio Gad imeokolewa na kuwekwa katika mfumo wa kidijitali kwa msaada wa taasisi ya Arsenal ya Berlin. Ni Berlin hukohuko ambako Akuol de Mabior, binti wa John Garang, aliyekuwa kiongozi wa waasi wa Kusini, alionyesha filamu yake No Simple Way Home mwaka 2022. Watazamaji wa Ujerumani, basi, wamekwishapewa nafasi ya kuziona filamu za Gubara na ya Akuol. Nakala za Gubara ziletwe Juba. Ukumbi wa Nyakuron upo, na wa kubishana nao hawakosekani.