Heshima ya Mtu Haingoji Maajabu

Ziko sifa ambazo, ukizipima vema, ni dharau iliyovishwa nguo nzuri. Mojawapo ni sifa wanayopewa watu wenye usonji. Akitokea mmoja wao awezaye kupiga kinanda wimbo aliousikia mara moja tu, watu hukusanyika, hupiga makofi na kusema, "Kumbe na hawa wana maana!" Neno hilo "kumbe" ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa kuwa ndani yake imefichwa hukumu mbaya: kwamba asiye na ajabu la kuonyesha hana maana.

Kwanza tuelewane. Usonji si laana, si uchawi, wala si kosa la mama katika malezi. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, nayo humfanya mtu azungumze na kuchangamana na wenzake kwa namna isiyo ya wengi. Baadhi yao husema kwa ufasaha. Wengine hawasemi kabisa. Ni kweli pia kwamba wamo wenye vipaji vya kupita kiasi katika muziki, hesabu, uchoraji au kumbukumbu. Mtaalamu wa Marekani, Bernard Rimland, katika uchunguzi alioutangaza mwaka 1978 juu ya watoto zaidi ya 5,000, alipata karibu mtoto mmoja katika kila kumi mwenye kipaji cha namna hiyo. Waliomfuata wametaja hesabu kubwa zaidi, lakini hakuna aliyesema kwamba ni wote.

Historia yatufundisha kwamba kipaji peke yake hakimwokoi mtu. Mwaka 1849, katika jimbo la Georgia, Marekani, alizaliwa mtoto mtumwa, kipofu, jina lake Thomas Wiggins. Hali yake haikuwa na jina wakati ule, lakini wengi walioichunguza habari yake siku hizi huona ndani yake dalili za usonji. Tangu utotoni alipiga piano nyimbo alizozisikia tu, na mwaka 1860 alipiga mbele ya Rais James Buchanan katika Ikulu ya Washington. Majumba yalijaa watu, na fedha zikamiminika. Zilikwenda wapi? Kwa bwana aliyemmiliki. Hata utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Thomas aliendelea kuwekwa chini ya usimamizi wa watu wengine, nao ndio waliokula jasho lake karibu maisha yake yote. Alikufa mwaka 1908. Dunia ilistaajabia mikono yake, lakini mwenye mikono hakupewa haki yake. Mfanyakazi ye yote alijua jina la jambo hilo: ni unyonyaji.

Sasa tazameni habari nyingine. Mchoraji Stephen Wiltshire wa London, aliyezaliwa mwaka 1974, hakusema neno alipokuwa mtoto mdogo. Walimu wake waliona jinsi anavyopenda kuchora, wakautumia upendo huo kumfundisha kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa "karatasi". Mwaka 2005 alipitishwa kwa helikopta juu ya jiji la Tokyo, kisha akalichora kwa kumbukumbu tu, katika turubai yenye urefu wa mita 10. Watu huikumbuka helikopta. Sisi twawakumbuka walimu.

Hali kadhalika Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, katika Mississippi. Alizaliwa mwaka 1933, naye ndiye wa kwanza katika watoto 11 ambao Daktari Leo Kanner aliandika habari zao mwaka 1943, maandiko yaliyoupa usonji nafasi yake katika elimu ya utabibu. Alikuwa hodari wa kuzidisha hesabu kichwani. Alipokuwa mdogo wazazi wake walishauriwa kumweka katika nyumba ya kutunzia watoto mbali na kwao. Walimpeleka, kisha mwaka 1938 wakamrudisha nyumbani. Alisoma hata chuo kikuu, akafanya kazi katika benki ya mji wake miaka zaidi ya 60, akaendesha motokaa, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Hatuwafichi wasomaji kwamba jamaa zake walikuwa matajiri, na benki ile ilikuwa ya kwao. Hapo ndipo penye fundisho. Kile alichokipata Donald kwa mali ya wazazi wake, mtoto wa mkulima na wa mpagazi atakipata wapi, isipokuwa kwa jamii yenyewe?

Watakuwako watakaosema kwamba vipaji hivi ndivyo vinavyowafumbua watu macho. Vema, na vifumbue. Lakini mlango uliofunguliwa na mmoja usifungwe nyuma yake, wengine wakaachwa nje kwa kuwa hawana ajabu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Haisemi kwamba mtu huyo awe kwanza bingwa wa hesabu.

Basi wajibu wetu u wazi. Mwalimu asimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu hajibu aitwapo. Msimamizi wa kazi atoe maagizo yaliyo wazi, wala asibadili utaratibu ghafula pasipo kueleza. Wafanyakazi wasimcheke mwenzao asiyependa kelele au asiyetazama mtu usoni. Nanyi wanachama, ikiwa jirani yenu amemfungia mtoto ndani kwa aibu, mwendeeni kwa upole, mmwambie kwamba hana la kuonea haya. Kipaji kikiwapo, kitaonekana na kukuzwa, na faida yake iwe ya mwenyewe. Kisipokuwapo, mtu yupo, na haki yake i pale pale.

Wazee walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema kwamba mwenye nywele fupi si mtu.