Namba kumi wa nyumbani

Ukipita jioni kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Nyalikungu ukakuta watu wameinama wanachora chini, usidhani wanagawana kiwanja. Wanapanga timu. Wilaya ya Maswa inajulikana kwa chaki, na sidhani kama kuna darasa lililowahi kuzimaliza kwa kasi kama swali la nani acheze namba kumi.

Mjadala una mizizi. Yanga ilipomchukua Clatous Chama mwaka 2024, baada ya miaka yake mingi Simba, tayari ilikuwa na Stephane Aziz Ki na Pacome Zouzoua. Wote watatu ni mafundi, na wote wanapenda kupokea mpira katikati, nyuma ya mshambuliaji. Wengine walisema wapangwe wote, mabeki watajua wenyewe. Wengine wakasema usukani mmoja hauwezi kushikwa na madereva watatu. Msimbazi nako kulikuwa na lao: Jean Charles Ahoua alipomaliza msimu wa 2024/25 akiwa mfungaji bora kwa mabao 16, watu wakauliza kama huyo bado ni mpishi au amegeuka mlaji. Aziz Ki alikwenda Wydad Casablanca mwaka 2025, lakini kijiweni bado anapangwa.

Mimi niko na wanaotaka mafundi wengi. Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1, Kennedy Musonda aliyecheza mbele alifunga moja tu. Mengine manne yalitoka kwa waliokuwa wakitokea nyuma yake: Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome moja. Beki hajui amfuate nani. Akitoka kumkaba mmoja, mwingine anaingia kwenye nafasi aliyoiacha. (Wana Simba mnisamehe, mfano mzuri hauchagui rangi.)

Sasa sikiliza kinachosifiwa hasa. Hakuna anayesema Chama ana mbio. Husema, "Ameuona kabla." Namba kumi hupokea mpira akiwa na mtu mgongoni, na akiupata ana kama sekunde moja. Kama hajageuza shingo kutazama nyuma kabla mpira haujamfikia, sekunde hiyo itamwishia akitafuta wa kumpa. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amewachunguza viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa jambo hilihili, na akaona kwamba wanaotazama pembeni mara nyingi kabla ya kupokea hukamilisha pasi zaidi. Kwa maneno mengine, kazi kubwa ya mpishi hufanyika kabla hajagusa mpira, na hufanyika kichwani.

Njoo basi Jumamosi kwenye mechi ya watoto. Wataalamu walewale wa kijiweni wamesimama pembeni ya chaki, nao ni baba, wajomba na kaka wa wachezaji. "Toa kushoto!" "Piga!" "Usiguse, acha!" Mtoto wa miaka 11 anapokea mpira na, badala ya kumtazama mwenzake aliyekimbia, anamtazama baba yake. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Tunamsifia Pacome kwa kuamua mwenyewe, halafu mtoto wetu tunamwamulia kila pasi. Akikosea, lawama ni yake. Akipatia, sifa ni ya aliyepiga kelele.

Baba mmoja alinijibu kwamba bila kuelekezwa mtoto hawezi kujifunza. Ni kweli, ila mwelekeze jinsi gani? Kuna kisa kinachosimuliwa Uingereza kuhusu Frank Lampard alipokuwa kijana, kwamba baba yake alikuwa akikaa jukwaani na kumpigia kelele neno moja tu, "Picha!" Maana yake: una picha ya uwanja kichwani? Hakumwambia ampe nani. Alimkumbusha kutazama, akamwachia uamuzi. Yanayobaki yaulizwe nyumbani, wakati wa kula, na kwa swali la kweli: pale ulipopokea, ulimwona nani?

Lakini kilichonifanya niandike wiki hii si pasi. Ni goti.

Mtoto aliyekwishaitwa namba kumi wa familia hasemi anapoumia. Amesikia kwamba fundi hatolewi, na anajua baba ameacha kazi zake kuja kumtazama. Kati ya miaka 10 na 15 hivi, mifupa hurefuka haraka, na msuli mkubwa wa paja huvuta sehemu laini ya mfupa iliyo chini kidogo ya kifuniko cha goti. Mtoto anayekimbia na kuruka sana huanza kuhisi maumivu pale, wakati mwingine panatokea kinundu kinachouma ukikibonyeza. Mara nyingi si ugonjwa wa kutisha, na huisha anapomaliza kukua. Hata hivyo unataka kupunguziwa mzigo, barafu au kitambaa cha maji baridi, na mtu wa kumwamini anaposema panauma. Kukanda kwa nguvu na kumrudisha uwanjani kesho yake huongeza tatizo.

Kipimo rahisi ambacho madaktari wa michezo hukitumia: saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Mwenye miaka 11, saa 11, na angalau siku moja bila mazoezi wala mechi. Hesabu zote pamoja, timu ya mtaa na ya shule, hasa kipindi cha maandalizi ya UMITASHUMTA, kwa sababu mwalimu wa huku hajui ya kule. Chandimu ya jioni na wenzake isikutishe sana. Pale akichoka anakaa, hakuna wa kumfokea.

Na mama, wewe ndiye mara nyingi unayemwona akishuka kitandani asubuhi. Akichechemea hata siku ambayo hakucheza, goti likivimba na kuwa la moto, maumivu yakimwamsha usiku, au akiwa na homa pamoja na maumivu hayo, asisubiri mechi ya Jumamosi ipite. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.