Mikono Iliyokuwa Miguu

BARAZA LA IJUMAA
Na Bakari Shomvi

Upo mchezo wa baiskeli za milimani ambao mshindani huruka kutoka jabali hadi jabali na kutoka gogo hadi gogo, na kila mguu wake unapogusa chini huandikiwa kosa. Katika mchezo huo Martyn Ashton alipata kuwa bingwa wa Uingereza. Na mwaka 2012, katika filamu fupi iitwayo Road Bike Party, aliifanya miruko yake yote juu ya baiskeli nyembamba ya mbio za lami, ambayo wenyewe aghalabu huihofia hata shimo dogo la barabarani, na mamilioni ya watu wakamtazama kwa mastaajabu.

Septemba 2013, ilhali filamu ya pili ya mtindo huo haijatimia, Ashton alikuwa katika uwanja wa mbio wa Silverstone, Uingereza, akiionyesha hadhira ustadi wake, akaanguka chali kutoka juu ya mtambo wenye kimo cha mita 3 hivi, kimo ambacho kwa mtu mahiri kama yeye kilikuwa kazi ya kila siku. Pingili ya 9 na ya 10 za mgongo, usawa wa kifua, zikaumia pamoja na ugwe upitao ndani yake. Na maadamu ugwe huo, tofauti na mfupa, ukikatika hauungi, miguu iliyozoea kukwepa ardhi haikuweza tena hata kuikanyaga.

Sisi Waswahili husema hujafa hujaumbika, na aghalabu twaisema kumtisha mzima asimcheke kilema. Lakini msemo huo una uso wa pili, nao humwelekea aliyevunjika: maadamu yu hai, kuumbwa kwake hakujakoma. Tena kuumbwa huko, nijuavyo mimi, hakutimii pasi na mikono ya wenziwe.

Wenziwe Ashton hawakumwachia pole tu. Danny MacAskill na Chris Akrigg walipanda baiskeli ya aina ile ile wakaimaliza filamu, ikatoka kabla ya mwaka kwisha. Na mwaka 2015, wao pamoja na Blake Samson, wakampandisha mlima kaskazini mwa Wales, wakamkalisha juu ya baiskeli ya magurudumu mawili yenye kiti kilichomkamata kiuno, miguu imefungwa penye pedali, wakamshika wima, wakamsukuma, kisha wakamwachia. Akateremka mwenyewe, breki mkononi na mizani mabegani, na kule chini ilikuwapo mikono ya kumdaka, kwani hakuwa na mguu wa kuweka chini. Mtu ambaye zamani kugusa chini kulikuwa kosa lake, sasa miguu yake ilikuwa ni rafiki zake, wala hapakuwa na kosa lolote hapo.

Nilipoyatazama hayo katika filamu nilimkumbuka jirani yangu, mkwezi wa minazi, aliyeteleza kileleni miaka sita iliyopita, asisimame tena. Kiti cha magurudumu amekipata kwa sadaka za watu, walakini mlango wake ulikuwa na vidato viwili, na kwa sababu ya vidato hivyo jua la nje alikuwa akilipata siku abebwapo kwenda hospitali. Kila Idi nimempelekea sukari na pole, nimeruka vidato hivyo kuingia na kutoka, wala siku moja sikuvitazama. Huruma yangu ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa imekaa kitako.

Wiki mbili zilizopita vijana wa mtaa, kwa mifuko miwili ya saruji na mchanga, wakavigeuza vidato vile kuwa mteremko, na saruji ilipokwisha kushika tukamwita. Hakutaka kusukumwa, alitaka tu tusimame chini, mikono tayari. Akateremka taratibu hadi uani, akainua uso kuitazama minazi kwa kitambo kirefu, kisha akatuonyesha kwa kidole ule ambao nazi zake zilikuwa zimekauka na mkwezi mpya hajauona.